Mlinganyo wa Maharage

Habari ilimtangulia Audace kwenye bar ya maziwa ya Pudentienne, nyuma ya soko la Kimironko. Ukurasa wake wa kubashiri bei ya maharage umefunguka ofisini, na mahali pa mlinganyo pamejaa vistari na mabano. Saa nne bosi ana wageni wa kuuona. Mkataba wa Audace unaisha Ijumaa.

Évode, dereva wa pikipiki anayeitwa Waziri kwa kupenda matamko, alikuwa ameshatumiwa picha na Joselyne, karani wa ofisi, abiria wake wa kila siku.

"Kistari, hat, mabano, beta, mabano tena," alisoma kwa sauti. "Sha Audace, hii iko bei ya maharage ao iko dua ya kufukuza mvua?"

"Ni mlinganyo!" Audace alifoka. "Programu ya takwimu inauandika hivyo, halafu ukurasa unavuta kiprogramu mtandaoni, kinauchora vizuri. Ofisini mtandao umebanwa, hakikufika."

"Na kwako Kagugu?"

"Kilifika."

Pudentienne alikuwa anafuta vikombe. "Yewe! Ulionja mchuzi kwako, ukaenda kupakulia kwa jirani bila kuonja tena."

Iliuma, maana ilikuwa kweli. Audace alisogeza kikombe cha ikivuguto, maziwa ya mgando, akafungua kompyuta, akakipachika kile kiprogramu ndani ya faili lenyewe ili kisiombe mtandao wa mtu.

"Mimi ningeandika tu: maharage itapanda," Waziri alitamka.

"Ushahidi uko wapi?"

"Iko sokoni pale! Uliza mama yeyote."

Saa nne kasoro dakika tano Audace alituma faili jipya, akamalizia maziwa yake. Simu haikuchelewa kuita. Waziri aliinyakua, akaweka sauti juu.

"Audace!" Alikuwa Madame Gaudiose, bosi mwenyewe. "Nani amekutuma kugusa ule ukurasa? Wageni walifika mapema, wameona ile ya asubuhi. Wametikisa vichwa, wamesema mtaalamu kama huyu asiachwe. Sasa hii mpya hata mimi naielewa! Bei ya mwaka jana, jumlisha mvua? Rudisha ile haraka!"

Akakata.

Audace aliutazama mlinganyo wake safi, kila alama mahali pake. Roho ilimuuma. Kisha akaanza kukichomoa alichokipachika.

"Na mkataba mpya ukija?" Pudentienne aliuliza.

"Naongeza vistari, Mama."

Waziri alivaa kofia yake ya pikipiki. "Mtaalamu, mimi sitaki kubishana na wewe tena. Nimeanza kukuelewa, nitakuharibia kazi."