Hapana ya Kwanza Haihesabiwi

Jumamosi, 6 Julai

Tumefika Norwei. Mguu wa kushoto umekufa ganzi. Mengine yote yanakwenda kama nilivyopanga. Nauandika mpango hapa, kwa sababu mke wangu Marlys hajaambiwa wote, na binti yetu Britta ana miaka kumi na sita, haambiliki.

Wao wanadhani tumekuja likizo. Kumbe! Oktoba, kwenye karamu ya chama chetu ya samaki wa kulowekwa kwa magadi, sisi wenye asili ya Norwei tunaoishi Minnesota, Amerika, mzee Tollefson anang'atuka uenyekiti. Kabla ya kumteua mwingine kuna hotuba: "Ushauri na Niliyoyaona katika Likizo ya Familia Ulaya". Anayehutubia vizuri ndiye anayepewa kiti. Mwaka huu mhutubu ni mimi, Duane Sletten. Kiti hicho alikikalia babu, akakikalia baba mpaka alipofariki. Mimi niko kwenye kamati ya viti vya kukunja tangu Britta hajazaliwa. Nakunjua, nakunja.

Anayenikosesha usingizi ni Lowell Bjerke, muuza mbao. Alikuja huku mwaka juzi akapiga picha kila mbuzi. Lakini alilala hotelini, kama mtalii! Mimi nitalala kwa shangazi Ragnhild, binamu wa marehemu baba, kwenye shamba lenyewe ukoo wetu ulikotoka. Bure, tena. Ushauri wa kwanza kwa wasafiri: tafuta shangazi.

Jumapili, 7 Julai

Shamba liko juu kabisa ya bonde. Shangazi Ragnhild ni mrefu, mkavu, ana mikono ya mtu aliyekata nyasi maisha yake yote. Anazungumza Kiingereza vizuri kuliko Lowell. Hakutukumbatia. Alitupa mkono, akauliza kama tuna njaa.

Mezani: paja la kondoo lililokaushwa, viazi vipya, malai, stroberi bakuli zima. Akaniuliza, utakula? Nikasema hapana, asante, tusikusumbue. Akasema sawa. Akaondoa sahani yangu!

Nilidhani utani. Nikangoja. Sahani haikurudi.

Kwetu mtu mwenye adabu hakubali kitu mara ya kwanza. Ya kwanza unasema hapana. Ya pili unasema hapana, msihangaike. Ya tatu unasema haya basi, kidogo tu, kisha unakula mpaka unafungua mkanda. Hapana ya kwanza haihesabiwi. Hata Lowell, pamoja na ulafi wake, anaijua sheria hiyo. Britta yeye alisema, "Ndiyo, bibi, na hilo bakuli sogeza huku." Sikujua nimtazameje mwenyeji. Mwenyeji alikuwa anatabasamu.

Marlys alikataa mara moja kama mimi. Tumelala na njaa, tumepeana mgongo.

Jumatatu, 8 Julai

Nimepata jibu. Ni uzee. Shangazi anauliza mara moja, halafu anasahau kuuliza tena. Maskini.

Asubuhi akapika mikate ya maua, ile ya kubanwa kwenye chuma, na jibini la kahawia juu yake. Akauliza. Nikasema hapana, asante. Ili kumsaidia kukumbuka nikakaa karibu na sahani nikavuta pumzi kwa nguvu. Nikasifia harufu. Akasema asante, akafunga dirisha akidhani nina mafua.

Halafu Marlys, mwanamke aliyelelewa nyumbani kwa mchungaji, akaulizwa mara moja tu akasema ndiyo. Mara moja! Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akala wa pili huku ananitazama machoni.

Mchana nikaaga kwamba nakwenda kutazama mandhari. Nikashuka bondeni mpaka kituo cha mafuta nikala soseji mbili nimesimama. Bei yake sitaiandika, Marlys anaweza kusoma. Niliporudi Britta akaniuliza mandhari ilikuwa na haradali kiasi gani. Nilikuwa nayo kidevuni.

Jumanne, 9 Julai

Mpango mpya: kumfundisha shangazi kwa vitendo. Nikachemsha kahawa yake mwenyewe jikoni mwake, nikamkaribisha. Akasema hapana, ameshakunywa. Nikamkaribisha tena, kwa sauti tamu. Akasema hapana. Nikamkaribisha mara ya tatu, nikamsogezea kikombe, nikamkonyeza. Akamgeukia Marlys akamuuliza kama masikio yangu yameingia maji kwenye ndege.

Basi. Kisha akasema leo anakwenda na mashua kwenye ziwa alikokuwa akivua babu wa babu yangu. Ziwa lenyewe! Picha ya kummaliza Lowell! Akaniuliza, unakuja? Nikasikia kinywa changu kinasema, "Aa, nendeni tu, nitawabana."

Wakaenda. Hata hawakugeuka nyuma.

Nimeshinda na kondoo. Nimewapiga picha. Lowell ana mbuzi, mimi nina kondoo, tunalingana. Jioni Britta akanionyesha picha kwenye simu yake: yeye, mama yake na shangazi, samaki mkubwa katikati, wote wanacheka. Wamemchoma. Nikaulizwa kama nitaonja. Sitaandika nilichojibu.

Alhamisi, 11 Julai

Jana hakuna cha maana. Kituo cha mafuta wameanza kuniita kwa jina.

Leo, jamani, leo. Shangazi akatupandisha darini. Chini ya turubai kuna sanduku, bluu, limechorwa maua mekundu pande zote, limeandikwa jina: Sletten. Ni la babu wa ukoo wetu aliyehamia Amerika. Alikuwa na masanduku mawili, la pili likakosa nafasi kwenye mkokoteni, akaliacha kwa nduguye. Baba alikuwa akinisimulia habari za sanduku hili nikiwa mdogo. Mimi nilidhani anatunga. Nikaligusa. Nikahisi machozi, nikasingizia vumbi.

Shangazi akasema hana mtoto. Makumbusho ya kijiji yanalitaka. Lakini kwa haki ni la kwetu. Je, nalitaka?

Nililiona jukwaani. Nikalifunua polepole mbele ya chama kizima. Hata hotuba isingehitajika! Moyo ukasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kinywa kikasema, "Hapana, shangazi, haiwezekani, hicho ni kitu chako."

Nikangoja. Nikainamisha kichwa kidogo, ili ajue naweza kushawishika. Akasema anaelewa, akaanza kushuka ngazi kwenda kuwapigia simu makumbusho. Nikamfuata. Nilijaribu kusema ndiyo, kweli nilijaribu. Neno halikutoka. Basi nikaona nifupishe safari: nikamwambia hata akiniuliza mara ya pili nitasema hapana.

Akasema, "Najua. Ndiyo maana sikuulizi."

Ijumaa, 12 Julai

Gari la makumbusho limekuja. Nilisaidia kulibeba sanduku, maana kijana wa makumbusho aliniuliza mara moja kama nina nguvu na hapo nikaona aibu kukataa. Limeniangukia kidole.

Marlys akanifuata uani. Nilidhani anakuja kunipa pole. Akasema shangazi amelia jikoni. Shangazi! Anaamini simpendi. Chakula chake nimekikataa, ziwa nimelikataa, sanduku la ukoo nimelikataa. Akamwambia Marlys kwamba hata baba yangu alipokuja zamani alikuwa hivyohivyo. Alikaa wiki mbili, akarudi Amerika amekonda, na yeye miaka yote hii anajiuliza alimkosea nini. Marlys akasema, "Baba Britta, nenda kaongee na yule mama. Sasa hivi."

Nikaenda, nachechemea. Alikuwa anakusanya nyasi. Nikamweleza yote: hapana ya kwanza, hapana ya pili, haya basi kidogo tu. Nikamwambia baba alimpenda, alikuwa anangoja mara ya tatu. Shangazi akaegemea reki. Akasema huku kwao hapana ni hapana, inaokoa muda. Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa akaniuliza kama nataka mkate wa maua.

Nikasema hapana, asante.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Mimi sikuona kichekesho. Britta aliniletea mmoja nyuma ya banda, akanitia mkononi bila kuniuliza. Mtoto mzuri yule.

Nikiwa natafuna nikashtuka. Hotuba si hii hapa! Siri ya Wanorwei halisi! Lowell alilala hotelini, angeijulia wapi? Sanduku la nini?

Jumamosi, 5 Oktoba

Karamu. Ukumbi wa chini ya kanisa umejaa. Viti nilivipanga mwenyewe kuanzia asubuhi, nikijua ni mara ya mwisho. Suti ya baba. Harufu ya samaki wa magadi imeshika mpaka mapazia. Lowell kakaa mbele na sahani ya chapati za viazi, anatafuna kwa dharau.

Nikahutubia. Picha za kondoo zilipita vizuri. Nikatoa ushauri kuhusu shangazi, kuhusu soseji. Kisha nikashusha sauti. Nikawaambia kwamba sisi tumeharibu mila. Huko kwenye asili yetu mtu huulizwa mara moja. Akisema hapana, huheshimiwa. Hakuna kubembelezana, hakuna kuzungushana. Nikawasimulia habari za baba, aliyekaa wiki mbili na njaa, na shangazi aliyejilaumu miaka yote. Akina mama wakafuta machozi. Nikapiga meza: "Ndugu zangu, neno la mtu ni neno la mtu! Turudi kwenye asili!"

Wakasimama wakapiga makofi. Hata Lowell aliacha kutafuna. Nikaona akinitazama kwa makini, nikadhani ni wivu.

Mzee Tollefson akapanda jukwaani, macho yamelowa. Akashika mgongo wa kile kiti, kile chenye vichwa vya joka vilivyochongwa, baba alikuwa akiviegemeza viwiko vyake hapo. Akasema chama kizima kinamtaka mtu mmoja tu. Duane Sletten, utakubali kuwa mwenyekiti wetu?

Marlys alinikazia macho. Midomo yake ilitengeneza neno moja. Nililiona.

Nikasikia mtu anasema, "Aa, hapana, mzee wangu, wapo wenye uwezo kuliko mimi." Nilikuwa mimi. Nikatazama viatu vyangu kwa unyenyekevu nikingoja ya pili.

Mzee Tollefson akasema siku nyingine yoyote angeniuliza tena. Lakini usiku huu Duane ametufundisha kuheshimu neno la mtu, na yeye hatakuwa wa kwanza kumvunjia heshima. Akamgeukia Lowell Bjerke. Je, Lowell ata...

"Ndiyo," akasema Lowell. Na chapati mdomoni!

Makofi. Walinipigia na mimi, kwa ujasiri wangu wa kukataa madaraka. Marlys alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha meza. Britta alisema, "Baba, lakini wewe si ndiye uliyetoa hotuba?" Nikamwambia hajui siasa.

Nikabaki kukunja viti. Kile kimoja hakikunjiki. Nilikikalia kidogo watu walipokwisha kuondoka, taa zikiwa zimezimwa nusu. Kinanifaa. Nilimwomba baba radhi, kisha nikatoka.

Jumapili, 6 Oktoba

Lowell katoa agizo lake la kwanza kama mwenyekiti. Nabaki kwenye kamati ya viti vya kukunja. Hakuniuliza hata mara moja.

Mchana simu ikalia. Shangazi Ragnhild! Sakafu ya makumbusho ina unyevu, wamerudisha sanduku. Akasema amewaza sana juu ya yale niliyomweleza kwenye nyasi. Mimi ni damu yake, hataki nirudie yaliyompata baba. Kwa hiyo ameamua kufuata sheria yetu. Julai aliniuliza mara moja. Sasa ananiuliza mara ya pili: nalitaka sanduku?

Mtu mwema sana. Karibu nilie. Nikasema hapana, shangazi, usihangaike.

Akavuta pumzi. Akasema haya, mara ya tatu sasa, Duane, sikiliza vizuri: unalitaka?

Marlys alikuwa anatikisa kichwa juu chini kwa nguvu mpaka miwani ikamtoka.

Lakini mimi najua kuhesabu. Ile ya Julai ilikuwa kabla sanduku halijakwenda makumbusho. Hayo ni mambo mengine kabisa. Ukihesabu kwa haki, hii ilikuwa ya pili. Nikasema hapana, asante sana. Akasema sawa, akakata simu.

Marlys haongei na mimi. Britta kaomba namba ya shangazi na kwenda nayo chumbani kwake, sijui ya nini.

Bado moja. Nimesogeza kiti cha kukunja karibu na simu, nasubiri.