Matairi Makubwa ya Kwenda Kuposa

Jamani, leo uso wangu nimeuacha Butiama. Mimi nimerudi Bunda, uso umebaki kule kwa wakwe. (Wakwe watarajiwa. Kama bado wanatarajiwa.) Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa stendi, maana wale wataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Landrova yangu mnaijua. Ile ya kubebea samaki kutoka ziwani. Muda mrefu imetembelea matairi yaliyoisha mpaka nyuzi, kwa sababu saizi yake haipatikani. Enzi za foleni za madukani tulikuwa tunaomba kibali, kibali kinatoka, tairi hamna. Sasa tumepewa ruksa, vitu vinaingia, maduka ya Musoma yana redio, viatu, mpaka maua ya plastiki. Tairi la Landrova? Hamna vilevile!

Wiki hii ndiyo nikabahatika kupata manne, hukohuko Musoma. Makubwa! Ya gari jingine kabisa. Nikayachukua bila kufikiri, kwa sababu leo ndiyo siku niliyopangiwa kwenda kujitambulisha kwa kina Wegesa. Wegesa ni mwalimu, tunapendana siku nyingi, ila baba yake, Mzee Wambura, ni mtu wa kutazama mambo madogo. Alishamkataa mchumba mmoja kwa kuwa alifika na baiskeli iliyokatika mnyororo, anaikokota. Sasa mimi niende na matairi yenye upara?

Jana asubuhi nikampelekea fundi Salum, pale Kabasa. Fundi Salum hajawahi kukataa kazi maishani mwake. Akafunga tairi la kwanza. Likagota kwenye springi, halizunguki.

"Hili limekataa," nikasema. Moyo ulishashuka.

"Litakubali tu. Tunalisogeza nje."

Akanitolea spesa. Ni vipande vya chuma, vinene, vina matundu ya kupitisha boliti. Unaweka kimoja nyuma ya kila gurudumu, gurudumu linasogea nje, haligusi springi tena.

"Lakini fundi, si yatatokeza nje ya madigadi?"

"Yatatokeza. Si ndiyo urembo wenyewe?"

Akafunga yote manne. Tukarudi nyuma hatua chache, tukakunja mikono, tukalitazama. Gari limesimama kama mtu aliyeficha matikiti kwapani. Tukaona limependeza! (Wawili tulikuwa pale, akili ya kutosha mtu mmoja haikuwepo.)

Shida nikaigundua wakati wa kurudi nyumbani. Ukikata usukani kidogo, sawa. Ukizidisha, tairi la mbele linasugua bodi, krrrr, na gari linagoma. Ili kugeuza nililazimika kwenda hadi njia ya Guta, nikatafuta shamba lililovunwa, nikazunguka kama meli. Nikajiambia, si kitu, Butiama ni mbele kwa mbele.

Usiku mvua ikanyesha. Leo asubuhi nikavaa suti yangu ya mtumba, nikaenda kuwachukua wazee wangu wawili: Baba mdogo Manyama, ambaye ndiye msemaji wetu, na Shangazi Nyamisi. Shangazi akasimama mbele ya mlango wa gari, akatazama juu.

"Masatu mwanangu, hii ni gari au ni dari?"

Tukaleta kreti ya soda. Akapanda juu ya kreti, mimi nikavuta mkono, Baba mdogo akasukuma, Shangazi akawa anamwita Yesu kwa sauti. Akaingia. Akanyoosha gauni, akasema huku juu kuna upepo mzuri.

Njiani, mambo safi. Tulipoacha lami kule Kiabakari tukakuta lori limezama kwenye tope, watu wanasukuma. Sisi tukapita pembeni, hatukutetereka hata kidogo. Shangazi akapiga kigelegele. Nikaanza kuvimba kichwa, nawaambia ukweli. Mbele kidogo tukampita mwendesha baiskeli. Tulipompita tu akaanza kupunga mikono yote miwili na kupiga kelele.

"Unaona wanavyokusifu?" akasema Baba mdogo.

Nikampigia honi, kumshukuru. (Ndugu yangu popote ulipo, nisamehe. Nimeelewa baadaye.)

Tukafika. Nyumba ya Mzee Wambura iko kando ya njia wanayopita ng'ombe kwenda mtoni. Mbele ya lango lao pana dimbwi, na lile halikuwa la maji matupu. Ng'ombe walikuwa wameshalipita asubuhi, mnanielewa. Kando ya dimbwi, wamejipanga kutupokea: Mzee Wambura mwenyewe, suti nyeupe ya mikono mifupi. Mke wake. Bibi yake Wegesa amekaa kwenye kigoda. Na akina mama wa kwaya ya kanisani kwao, blauzi nyeupe wote. Nyeupe ya kupigwa pasi! Wakaanza kuimba.

Mwenye akili angesimamisha gari mbali, akashuka, akatembea. Mimi nikakanyaga mafuta kidogo, injini isikike.

Landrova yenye matairi yake ya kawaida, madigadi yanafunika, tope linarudi chini. Matairi yaliyosogezwa nje hayana kitu cha kuyafunika. Tope lilipanda, likafunguka hewani kama nyavu, likashuka juu ya watu wote. Wimbo ukakatika. Alibaki mama mmoja wa sauti ya tatu, aliimba neno moja peke yake, naye akanyamaza.

Nikatazama kushoto. Mzee Wambura hajasogea. Amesimama wima, mikono kando, kahawia kuanzia kichwani.

"Toka hapa," Baba mdogo akaninong'oneza. "Ingiza ndani."

Nikakata usukani kuingia langoni. Krrrr! Tairi limegota. Nikaweka gia ya nyuma ili nijipange upya. Wakati huo wale watu walikuwa wamehamia mbele ya gari, wanafutana. Nikaachia klachi. Matairi yakazunguka palepale, na safari hii tope likarushwa kuelekea mbele.

Mara ya pili. Watu walewale.

"Masatu," akasema Shangazi kwa upole kabisa, "zima, baba."

Nikazima. Nikashuka, nikasahau urefu wa gari, nikatua dimbwini kwa magoti. Nadhani hiyo ndiyo iliyoniokoa, maana angalau tulifanana.

Tukakaribishwa ndani, watu wa Butiama wana heshima zao. Mzee Wambura akaenda kuoga, akarudi. Suti zake nyingine zilikuwa zimefuliwa, bado mbichi, hivyo amejifunga kitenge cha mke wake, chenye picha za kuku na vifaranga. Akakaa kwenye kiti chake kikubwa. Hakuna aliyethubutu kuwatazama wale kuku. Baba mdogo, aliyekuwa ameandaa maneno matamu ya ua na bustani, akasimama, akakohoa.

"Wazee, tumekuja... kwanza, tumekuja kuomba msamaha."

Mimi natazama sakafu, jasho linanitoka, najua nimeshampoteza Wegesa. Nilikuwa nawaza kweli nitamwambia nini, na nitaishije Bunda hii bila yeye.

Ndipo bibi yake, tope bado liko kwenye sikio, akasema kwa sauti ya juu ya watu wenye usikivu hafifu:

"Kijana akubaliwe upesi! Asije akageuza tena ile gari!"

Shangazi Nyamisi ndiye aliyeanza kucheka. Akajaribu kujificha kwenye kanga, ikashindikana. Kwaya ikafuata, sauti zote nne. Mwisho nikaona wale kuku wa kwenye kitenge wanatikisika. Mzee Wambura anacheka, jamani, anacheka mpaka anafuta machozi!

"Haya, mazungumzo yaendelee," akasema. "Lakini siku ya mahari, ng'ombe waje kwa miguu yao. Usiwapakie kwenye hiyo."

Wegesa aliponiletea maji ya kunawa akainama, akaninong'oneza, "Ulisema leo lazima watu wakuone. Wamekuona."

Kutoka pale walinisindikiza kwa macho tu, kwa mbali, wote wakiwa nyuma ya ukuta. Kesho mapema naenda Kabasa, spesa zitoke, na fundi Salum anitafutie matairi yanayolitosha gari hili, hata yawe na upara.

Na ninyi, nawaomba msinicheke. Ikiwashinda, chekeni, ila mkae mbali na barabara.