Baiskeli ya Kodi

Wako watu ambao wakisikia neno "kodi" hushika mfuko. Kinoti alilisikia akashika kidevu.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, mwaka 2011. Ibada imekwisha, na Wakenya wa mtaa wa Parkdale, mjini Toronto, wamesongamana katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kila mmoja na chai yake na chapati yake. Mgeni mmoja kutoka Uingereza, muuguzi mwenye koti refu, alikuwa akiwasimulia wenyeji jinsi alivyopata baiskeli ya kwendea kazini. Kwao huko, alisema, mwajiri hununua baiskeli, kisha humkata mfanyakazi mshahara kidogo kidogo, tena humkata kabla serikali haijachukua chake. Kodi inapungua, baiskeli unayo.

"Na hapa Kanada mnao mpango huo?" akauliza.

"Hatuna," wakajibu watu watatu kwa pamoja, kwa huzuni.

Hatuna! Kwa Kinoti neno hilo lilikuwa kama shamba lisilo na ua. Kitu ambacho hakipo, alipenda kusema, ndicho rahisi kukiuza. Hakiozi, hakihitaji ghala, na mteja hawezi kukirudisha akidai kimevunjika.

Kinoti huyu alikuwa mtu wa Meru, mwenye suti moja ya kijivu na ulimi ambao ungeweza kumuuzia bata mwavuli. Aliwahi kuuza viti vya mstari wa mbele katika harusi ambayo kiingilio chake kilikuwa bure, na walionunua walimshukuru. Alikuwa na kanuni moja tu maishani: haandiki kitu. "Karatasi ni shahidi asiyekufa," alisema. "Neno la mdomo hupeperuka."

Kanuni ilikuwa moja, na udhaifu ulikuwa mmoja. Udhaifu wenyewe ulikuwa wa kijani, wenye kiti cha ngozi na kengele inayolia kama ndege aliyeshiba. Baiskeli ile Kinoti aliinunua baada ya kuosha vyombo vya mkahawa mmoja majira mazima ya baridi, mpaka vidole vikakunjamana kama zabibu kavu. Katika mali zote zilizopita mikononi mwake, hiyo tu ndiyo aliyoipata kwa jasho, na kwa sababu hiyo hakujua namna ya kuachana nayo. Aliipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu kila jioni. Ililala karibu na kitanda. Majirani walisema akiugua yeye hunywa maji ya moto, likiugua lolote kati ya magurudumu ya baiskeli huitwa fundi.

Jirani aliyesema hivyo zaidi ya wote alikuwa Chelagat, msichana wa Kericho aliyekaa ghorofa ya chini yake na kufanya kazi Downsview, katika ghala la viungo la Bi Roshanara Alibhai. Ni Chelagat huyo huyo aliyewahi kumwambia Kinoti kwamba bosi wake anachukia kodi kuliko paka anavyochukia kuogeshwa.

Jumatatu asubuhi Kinoti alipanda baiskeli yake, akaikata Toronto kutoka kusini hadi kaskazini huku akitunga. Hakuwa amefika nusu ya njia, shairi la biashara lilikuwa tayari.

Bi Roshanara alizaliwa Moshi, akaletwa Kanada akiwa binti. Nyumba yake ilikuwa Richmond Hill, na pasipoti yake ilikuwa ya Kanada, lakini Kiswahili chake hakikuwahi kuomba uraia. Kilibaki kile kile cha dukani kwa baba yake. Alimpokea Kinoti katikati ya magunia ya iliki, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Mimi? Siuzi, mama. Mimi naokoa."

"Arre! Waokoaji wa mji huu wote wanakuja na bei. Sema."

Kinoti akaigonga kengele ya baiskeli mara moja, kama padri anayeanza misa, kisha akaghani:

"Kabla kodi haijaja, mshahara tuupunje,
Panda yako bila hoja, mfukoni ije chenje."

Akaeleza mpango wote, ule wa yule muuguzi, ila Uingereza akaiacha huko huko ilipo. Bi Roshanara atanunua baiskeli kumi kupitia kwake. Wafanyakazi watakatwa mshahara kidogo kidogo, kabla ya kodi. Wao watalipa kodi ndogo, yeye atalipa kodi ndogo, na mpaka deni liishe baiskeli ni mali ya kampuni.

Miwani ya Bi Roshanara ilipanda yenyewe mpaka machoni.

"Kodi inapungua kwangu pia?"

"Kwako kwanza, mama."

"Na serikali inajua?"

"Serikali ndiyo iliyotunga! Ila haitangazi. Nani hutangaza mlango wake wa nyuma?"

Hapo tamaa ilipita usoni mwa mama yule kama mwanga wa gari ukutani, na Kinoti akaiona, akafurahi. Kilichobaki ni malipo ya kutangulia. Hayo yakiingia mkononi, yeye na baiskeli yake watapanda basi la Calgary, na huko kuna kanisa jingine, na ukumbi mwingine, na chapati nyingine.

"Malipo Ijumaa," akasema Bi Roshanara. "Lakini mimi sinunui bizari bila kunusa. Hii ya kijani iache hapa. Watu waipande, waizoee."

Kinoti akaukamata usukani. "Hii, mama? Hii ni... ya mfano tu."

"Ndiyo nataka mfano. Au unaniuzia kitu ambacho mwenyewe hukiamini?"

Hilo ni swali ambalo tapeli hawezi kulijibu vibaya. Akakubali, kwa sharti apewe mahali pa kukaa ndani ya ghala mpaka Ijumaa, awahudumie wafanyakazi kwa karibu. Ukweli ni kwamba alitaka kuilinda baiskeli. Ukweli mwingine ni kwamba chumba chake Parkdale kilikuwa na hita iliyofanya kazi kwa hisia zake, na ghala lile lilikuwa na joto na harufu ya mdalasini.

"Kona ile pale," akasema Bi Roshanara. "Meza ipo, kiti kipo, hita ipo. Kaa."

Kisha akaingia ofisini kumpigia simu Tazmin, binti wa dada yake, aliyekuwa mhasibu. Alikaa huko kitambo. Alipotoka macho yalikuwa yamelowa na mabega yanatikisika.

"Pole, mama. Vipi?" Kinoti akauliza.

"Pilipili," akajibu Bi Roshanara, akijifuta. "Ya Kashmir. Inaingia mpaka moyoni. Kaa, mwanangu, kunywa chai. Mambo ya kodi tutayamaliza Ijumaa."

Basi Kinoti akala maisha. Chai ya maziwa asubuhi, mandazi saa nne, kachori mchana. Aliweka miguu mezani, akawaghania wapakiaji shairi lake mpaka wakalijua kwa moyo. Kitu kimoja tu kilimuuma: kila mapumziko mtu alipanda baiskeli yake na kuizungusha kati ya rafu, na Kinoti alikuwa akikimbia nyuma yake na kitambaa.

"Wee Kinoti," Chelagat alimwita kutoka juu ya kiti cha ngozi, "mbona unaipangusa kama mtoto aliyetoka kuoga? Si ni ya mfano?"

"Napangusa jina la kampuni, dada yangu."

"Jina liko wapi?"

"Ndiyo nalitafuta."

Chelagat alicheka, akaenda zake kwa bosi, na walizungumza kwa muda. Kinoti hakusikia. Alikuwa anakagua mnyororo.

Tangu siku hiyo Bi Roshanara alianza tabia ya ajabu. Kila wakati wa chai alisimama katikati ya ghala, akapiga makofi.

"Kijana! Waambie wenzangu, hii baiskeli ni ya nini?"

"Ya kodi, mama!" Kinoti alijibu kwa sauti ya mnadani.

"Sikusikia vizuri."

"Ya kodi!"

"Mmesikia, watu?"

"Tumesikia!" wapakiaji waliitikia, na Kangethe wa kwenye mizani aliongeza, "Amina!"

Kinoti aliona biashara imeiva. Mteja anayekutangazia bidhaa bure, huyo ni zawadi ya Mungu, na zawadi ya Mungu haichunguzwi.

Ijumaa alivaa tai. Aliingia ofisini, akakuta Bi Roshanara ameketi, Chelagat amesimama upande mmoja na Kangethe upande mwingine, kama wazee wa baraza. Juu ya meza hapakuwa na bahasha. Palikuwa na sahani ya kachori.

"Kula, mwanangu," akasema Bi Roshanara. "Nimekuita nikushukuru. Miaka yangu yote katika biashara sijaona mpangaji kama wewe."

"Mpangaji?"

"Mpangaji, ndiyo. Wengine ukiwapa kona wanangoja mwisho wa mwezi, wanajificha, wanazima simu. Wewe umeingia Jumatatu na kodi mkononi! Tena kodi nzuri, ya kijani, na kengele."

Kinoti akairudisha kachori sahanini.

"Mama, samahani, hapa kuna... Ile kodi si hiyo kodi."

"Kodi ni kodi. Baba yangu pale Moshi alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha. Nimekua nikikusanya kodi. Kona nimekupa? Nimekupa. Hita umeota? Umeota. Chai umekunywa, birika imeomba likizo. Na kila siku nimekuuliza mbele za watu, baiskeli hii ni ya nini. Ulijibuje?"

"Ya kodi," akasema Kangethe kwa huzuni kubwa, kama anayesoma tanzia.

"Nilimaanisha kodi ya serikali! Ule mpango!"

"Ah, mpango!" Bi Roshanara akavua miwani. "Basi tumpigie Tazmin simu, umweleze mpango huo vizuri, na sheria yake. Halafu yeye atawapigia wa serikali, nao waje wausikie. Nipige?"

Kinoti aliitazama simu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani karatasi, hata kipande, chenye mstari mmoja wa kusema lile neno alilimaanishaje. Lakini yeye hakuandika kitu. Alikuwa na neno la mdomo tu, na safari hii neno halikupeperuka. Lilikuwa limekaa katika masikio ya ghala zima.

"Usipige, mama," akasema.

"Nilijua wewe ni kijana mwenye adabu."

Chelagat, ambaye alikuwa amejizuia vya kutosha, akafungua mdomo:

"Kabla kodi haijaja, baiskeli tumpunje..."

"Chelagat!" akaonya Bi Roshanara, lakini si kwa nguvu.

Kinoti aligeukia mlango. Kupitia kioo aliiona, imeegemea magunia ya dengu, kiti chake cha ngozi kinang'aa kwa kupanguswa. Mabega ya suti ya kijivu yalishuka. Alipozungumza tena, sauti ya mnadani haikuwepo.

"Mama, chukua chochote. Chukua suti. Baiskeli ile niliioshea vyombo. Baridi nzima. Ni kitu changu cha kweli."

"Najua," akasema Bi Roshanara. "Chelagat aliniambia. Ndiyo maana nilikupa wiki nzima, nione kama mtu aliyeosha vyombo bado yumo ndani ya hiyo suti." Akamsogezea sahani. "Sikiliza. Unaitaka baiskeli? Kuna mpango. Mwajiri anakuwa na baiskeli, mfanyakazi anakatwa mshahara kidogo kidogo, na mpaka deni liishe ni mali ya kampuni. Maneno hayo unayafahamu?"

"Nayafahamu," Kinoti akanong'ona.

"Mpakiaji mmoja ameacha kazi. Unaanza Jumatatu. Mdomo wako nitauweka kwenye simu za wateja, mikono yako kwenye katoni."

Kinoti alifikiri. Kwa dakika nzima alitafuta mlango wa nyuma katika maneno yale, maana kila neno lina mlango wa nyuma. Hakuuona. Mwishowe akauliza, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani:

"Na ninakatwa kabla ya kodi, au baada ya kodi?"

"Baada, mwanangu. Hapa ni Kanada. Mpango ule mwingine hatuna."

Jumatatu alfajiri basi la Dufferin lilikwama penye taa, kama kawaida yake. Kinoti alikuwa amesimama ndani, amebanwa kati ya mabegi na viwiko, bila tai, Kangethe akiwa ubavuni pake. Nje, kando ya msururu wa magari, baiskeli ya kijani ilipita taratibu. Aliyeipanda alikuwa Chelagat, aliyekabidhiwa aitunze mpaka deni liishe. Alipolifikia dirisha lao akapiga kengele mara mbili, akanyonga, akatokomea.

Mzee mmoja aliyeketi mbele yao, Mkongomani kwa lafudhi, aliifuata kwa macho.

"Baiskeli nzuri ile," akasema. "Ni ya nini, ya mashindano?"

Kangethe akageuka kuangalia upande mwingine, mashavu yamejaa kicheko.

"Hapana, mzee," akajibu Kinoti, kabla hajauwahi mdomo wake. "Ni ya kodi."