Azimio la Kuhamia Kwenye Barafu

Kamati ya Maendeleo ya Kata inautangazia umma kwamba kuanzia Julai 1974, wakazi wote wa mteremko wetu wa Mgeta watahamia kwenye baridi kali zaidi, kwa hiari. Atakayekataa hiari atachukuliwa hatua.

Maneno hayo niliyaandika mimi, karani wa kamati, na hadi leo naona yamekaa vizuri.

Sababu zilikuwa za kitaalamu. Gari la sinema lilituletea filamu ya watu waliohamia nyota ya barafu. Walizungumza Kiingereza; Ndugu Athanas, Katibu Kata, alitutafsiria yale aliyoona yanafaa.

"Mnaona? Nyumba zimenyooka mstari mmoja. Hakuna anayenung'unika!"

"Watanung'unikaje na vichwa wamevivika masufuria?" aliuliza mama yangu mkubwa, Bernadeta.

Mikanda ilikuwa mitatu. Baada ya wa pili, jenereta likaishiwa dizeli. Ndugu Athanas hakutetereka. Alisimama mbele ya shuka jeupe, akatujulisha kwamba mkanda wa tatu ni mavuno tu.

Hivyo kamati ikaazimia tuhamie uwanda wa Lukwangule, juu kabisa mlimani, ambako hata maharage hukataa kuota. Mama mkubwa alikuwa na matuta ya njegere aliyoachiwa na mama yake, naye na mama yake, kama ilivyo kwetu Waluguru. Njegere zilibakiza wiki moja kuvunwa. Kuhama ni kuziacha zioze, na shamba liende na maji. Akaja mkutanoni.

"Shikamoo, mama," alisema Ndugu Athanas.

"Marahaba, mwanangu. Kule kwenye nyota, nani alitangulia?"

"Kiongozi wao! Kiongozi hutangulia daima."

"Alikaa peke yake muda gani?"

"Wiki nzima, bila kulalamika!"

Mama mkubwa akanigeukia. "Karani, umeandika?"

Nilikuwa nimeandika. Ikapigwa kura kwamba kiongozi atangulie wiki nzima, mikono yote juu; wa Ndugu Athanas ulichelewa kidogo, lakini ulifika. Tulimsindikiza kwa nyimbo hadi uwandani, tukambebea meza, kiti na mhuri.

Siku ya nne gari la sinema lilirudi na dizeli. Tukauona mkanda wa tatu: watu wote wamerudi kwao, kiongozi amebaki kwenye barafu, anahutubia.

Siku ya saba Ndugu Athanas aliteremka, amejifunika kitambaa kilichoandikwa KARIBUNI KIJIJI KIPYA, meno yanagongana. Alimkuta mama mkubwa kwenye matuta yake, hapo hapo tulipomzika mwaka huu.

"Mama, mkanda wa tatu ulikuwaje?"

"Mavuno, mwanangu. Kama ulivyosema. Na lile azimio?"

"Azimio gani, mama?"

Mama mkubwa akamsogezea tenga.

Kumbukumbu za kamati zinaonyesha kwamba Ndugu Athanas alibeba matenga manne ya njegere hadi kwenye lori la sokoni, kwa hiari.