Jinsi Kibii Alivyoifuata Salgaa Mashine Aliyoiuza

Sogezeni viti, enyi wenye masikio! Mwenye redio na aizime, na mwenye chungu motoni na apunguze moto, kwani habari hii haisikilizwi kwa sikio moja huku la pili likingoja maharagwe. Hapa hapatajwi wafalme wala majeshi. Anatajwa Kibii mwana wa Kosgei, muuza mbegu wa Nakuru, bingwa wa mizani, mjuzi wa mbolea ya kupandia na ya kukuzia, ambaye kwa mkono wake mwenyewe aliiuza mashine yake ya gemu, na kwa majuto yake mwenyewe akatoka kwenda kuitafuta.

Mashine yenyewe ilikuwa PS ya zamani, nyeusi, nzito, yenye ufa ubavuni, na kila ilipowashwa ilipumua kama fahali aliyepandishwa mlima. Miaka kumi na minne ilikaa chini ya televisheni ya Kibii, na CD zake zilikuwa zimekwaruzika hata ungedhani kuku wamezichakura. Lakini msiidharau! Kwa maana ndani yake ndimo ulimokaa ulimi wa Mzee Kosgei.

Huyu Mzee Kosgei, baba yake Kibii, bwana wa viazi vya Keringet, alikuwa mtu wa maneno machache kupita kiasi. Alimlea mwanawe kwa vitenzi vitano: amka, kamua, chimba, kula, lala. Kila baada ya mavuno alishuka Nakuru kwa kliniki ya magoti, akakaa kwa mwanawe wiki mbili, na siku za mwanzo wawili hao walitazamana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mpaka jioni moja Kibii, kwa kukosa la kusema, akamtia mkononi kile kidude cha vifungo ambacho wachezaji hukiita pad, akamfungulia gemu ya mpira. Basi kikafunguka kinywa kilichofungwa miaka sitini! "Kaba! Pitisha! Wewe, unalala?" Mzee alinguruma hata jirani akabisha mlango kuuliza kama kuna mwizi. Na kwa kuwa gemu ile humruhusu mtu kuumba mchezaji wake, Mzee alijiumba mwenyewe: KOSGEI, jezi namba tisa, mwenye mbio zote, nguvu zote, magoti mazima, na nywele nyingi ambazo kichwa chake halisi kilikuwa kimeziaga zamani. Jina hilo likatunzwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa mashineni, na tangu hapo baba na mwana, wakiwa timu moja, walizungumza kila jioni.

Ole wake basi Kibii! Kwa maana alichaguliwa kuwa Katibu wa Kamati ya Maji ya mtaa, na cheo, enyi wasikilizaji, kimeangusha wengi. Siku moja mwenyekiti wa kamati, Bwana Hiram, mtu wa tai na miwani, alikuja kwake kwa kikao, akaiona mashine, akauliza kwa upole, "Hii ni ya mtoto?" Naye Kibii, simba wa mizani, mwenye binti mmoja tu aliyekuwa shule ya bweni na asiyeipenda gemu hata kidogo, akajibu, "Ni ya mtoto." Usiku huo haya ilimtafuna. Asubuhi akaitia mashine kwenye katoni pamoja na waya zake, CD zake na ile kadi, akampelekea Makhanu, muuza vifaa kuukuu karibu na soko, akapewa fedha zisizotosha kujaza mtungi wa gesi. Mahali pake akaweka maua ya plastiki.

Miezi ikapita. Viazi vikavunwa. Mzee Kosgei akashuka.

Aliketi kwenye kiti chake, akanyoosha magoti yake, akatazama chini ya televisheni. Akayaona maua. Akayatazama muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Kisha akasema:

"Hm."

Ndilo neno alilosema siku ya kwanza, na ndilo alilosema siku ya pili. Siku ya tatu hakusema hata hilo. Wawili hao wakakaa wakitazama taarifa ya habari, mmoja kushoto mmoja kulia, na ukimya ukawa katikati yao kama mgeni wa tatu aliyekataa kwenda kwao. Kibii akayasogeza maua kando, akayarudisha. Akakumbuka ufa wa ubavuni. Akakumbuka mlio wa kuwaka. Akajiona mtu aliyeuza mlango wa nyumba kwa sababu mgeni aliucheka.

Mkewe Emmy, mwenye subira na mwenye ulimi, akamwita jikoni, akamnenea hivi huku ameshika mwiko:

"Baba Chelimo, nisikize vizuri. Mimi siwezi kukaa na wanaume wawili wanaangalia habari kama watu wamefiwa. Ulidanganya Hiram mashine ni ya mtoto. Sawa. Sasa mtoto wa hiyo mashine ni huyo mzee hapo sebuleni, na amelala bila kuaga mtu siku tatu. Enda uilete!"

Kibii akajifunga kibwebwe. Yaani alivaa jaketi, akachukua ufunguo wa gari lake, Probox.

Alimkuta Makhanu katikati ya ufalme wake wa pasi zilizokufa na feni zisizo na mabawa. "Boss," akasema Kibii, "ile PS niliyokuuzia, naitaka."

Makhanu akaweka chini bisibisi, akainua mkono kama mhubiri. "Ndugu yangu! Wanaume huja hapa kila wiki na hayo maneno. Mmoja aliuza gita, akarudi analia. Mwingine aliuza kamera ya harusi yake. Mimi huwaambia, Makhanu ni mto, na mto haurudishi maji. Hiyo mashine yako ilibebwa na mathe wa Salgaa, Mugure, mwenye hoteli ya madereva. Lakini enda pole pole. Huyo mama si mchezo."

Ndipo Probox ikashika barabara ya Eldoret, ikapita malori na kupitwa na malori, hata ikafika Salgaa, kambi kuu ya magari makubwa, ambako yalikuwa yamejipanga kama jeshi linalopumzika na moshi wa nyama ukapanda kutoka pande zote. Kibii akaifuata harufu ya matumbo hadi kwenye mlango wa Mugure. Na kabla hajauvuka, akasikia sauti za wanaume zikipaa kwa pamoja, zikitaka Kosgei apewe mpira:

"Pea Kosgei! Pea Kosgei! Kosgeiiii!"

Akachungulia. Ndani, juu ya meza, chini ya televisheni iliyofungiwa kwenye chuma, ilikuwa mashine yake, na ufa wake, ikipumua vilevile. Dereva mmoja wa lori la saruji, Kamande, mpana wa mabega, alikuwa ameishika pad kwa vidole vyenye mchuzi, na mbele yake, mwenye nywele nyingi na magoti mazima, alikimbia baba yake Kibii.

Kibii akamwendea Mugure, malkia wa masufuria, aliyekuwa akisonga ugali wa watu ishirini. "Mathe, hiyo mashine ilikuwa yangu. Niliuza kwa makosa. Nitakurudishia pesa na ya juu."

"Siuzi," akasema Mugure bila kuacha kusonga. "Tangu hii kitu ifike hapa, dereva akingoja nyama haniulizi nyama iko wapi. Unajua hiyo ni amani ya aina gani? Miaka tisa nimetukanwa kwa sababu ya matumbo. Sasa hata ikichelewa wananiambia, mathe, chukua tu time." Kisha akaweka mwiko chini, akamtazama muuza mbegu kutoka viatu hadi kichwani, na jicho likamng'aa. "Lakini unaweza kucheza na mimi. Ukinishinda, beba. Nikikushinda, chai ya hii hoteli yote ni juu yako."

Madereva wakapiga meza kwa vijiko. Mugure akajipangusa unga kwa aproni, akachagua timu yenye Kosgei, na vita vikaanza. Nani atasimulia masaibu ya dakika zile? Mama yule alicheza kama alivyosonga, kwa bega zima. Kosgei akaja mbio kutoka katikati. Kibii akamfikia, akaweka kidole kwenye kitufe cha kumtelezea, na kidole kikakataa. Je, mwana atamkata baba yake mtama mbele ya watu? Kosgei akapita, akafunga. Akaja tena. Kidole kikakataa tena. Mara tano alikuja, mara tano alifunga, na Kibii akalipia chai ya wote, wakiwemo wawili walioingia tu kuuliza choo.

"Kijana," akasema Kamande kwa huruma, "kwa nini humkabi huyo Kosgei?"

Ndipo Kibii akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo: "Kwa sababu ni babangu."

Vijiko vikawekwa chini. Hata mafuta yalionekana kukaanga kwa adabu.

"Kosgei ni mtu?" akauliza Kamande.

"Yuko kwangu Nakuru. Alijitengeneza mwenyewe. Ana magoti mabaya, na hajaongea na mimi siku tatu."

Mugure akavuta kiti, akaketi. "Basi mlete," akasema. "Mcheze nyinyi wawili dhidi ya mashine yenyewe, kiwango cha juu kabisa. Hapo hakuna dereva kutoka Mombasa mpaka Malaba amewahi kufunga hata bao moja. Msipopigwa, mnaibeba. Mimi nimesema."

Lakini vita vikali kuliko vyote, enyi wasikilizaji, havikuwa Salgaa. Vilikuwa sebuleni, jioni ile, Kibii aliposimama mbele ya maua ya plastiki akiwa na kofia mkononi.

"Baba," akasema, "ile mashine niliuza. Mwenyekiti aliuliza ni ya nani, nikaona haya. Sikufikiria wewe. Nisamehe."

"Hm," akasema Mzee.

"Iko Salgaa, kwa hoteli. Madereva wanakuchezesha wewe. Wote."

Mzee Kosgei akageuza kichwa taratibu. "Wanasemaje?"

"Wanasema, pea Kosgei."

Mzee akaisogeza fimbo yake karibu na kiti. Kisha Mzee akasema, "Kesho unaniamsha saa ngapi?"

Kesho yake, mchana, Mzee Kosgei aliingia kwa Mugure akiegemea fimbo, na madereva wakasimama na vijiko vyao. Mugure akampa mikono yote miwili. "Karibu sana, Mzee. Nilidhani una nywele."

"Zilibaki ndani," akajibu Mzee, akaketi.

Pad mbili zikashikwa. Upande huu baba na mwana; upande ule mashine katili, isiyochoka, isiyokula, isiyo na jamaa. Dakika ya kumi mashine ikafunga. Madereva wakaguna. "Kaba!" akanguruma Mzee. Kibii akashtuka kama aliyemwagiwa maji, na katikati ya mshtuko ule akatabasamu. "Kaba, kijana! Unasimama hapo kama mti wa stima! Rudi! Rudi nyuma!" Akarudi. Akakaba. Akatetea lango lile kwa jasho la kweli, na ugali wa watu ishirini ukaungua jikoni bila yeyote kulalamika, kwa kuwa mpishi mwenyewe alikuwa amepanda juu ya kreti za soda.

Dakika ya themanini na tisa, Kibii akapata mpira nje ya eneo la penalti. "Pitisha!" akalia Mzee. "Pea Kosgei!" wakalia madereva. Lakini Kibii, kwa haraka, akabonyeza kitufe kisicho chake, akapiga shuti la ovyo, shuti la aibu, lililokuwa likielekea kwenye bendera ya kona. Nalo likamgonga Kosgei mgongoni, likabadili njia, likampita kipa, likaingia wavuni.

Sare! Enyi watu, sare! Vijiko vikaruka. Kamande akatoka nje akapiga honi ya lori lake, na malori mengine, yasijue kisa, yakaitikia, hata Salgaa nzima ikalia kama tarumbeta za ushindi.

"Nilijiweka hapo," akasema Mzee Kosgei.

Mugure akashuka kwenye kreti, akaanza kuchomoa waya, kwa maana neno la malkia ni neno. Lakini Mzee akamzuia kwa fimbo. "Wacha hapa," akasema. "Hapa kuna watu. Sisi tutakuja. Kliniki ni Alhamisi, tukitoka tunapitia." Kisha akaagiza matumbo.

Na iandikwe basi, wenye kalamu waandike, kwamba siku ile Kibii mwana wa Kosgei alirudi Nakuru mikono mitupu, bila mashine, bila CD, bila kadi. Na kwamba kutoka Salgaa hadi mjini baba yake hakunyamaza. Alisema Kibii hajui kukaba. Alisema tangu utotoni hajui, hata ndama walikuwa wakimpita. Alisimulia ndama gani, na mwaka gani, na jinsi mama yake Kibii alivyocheka siku ile mpaka akamwaga maziwa, jambo ambalo Kibii hakuwa amelisikia maishani mwake. Nyuma yao malori yalipiga honi, yakawapita moja baada ya jingine, na madereva wakatoa vichwa kuuliza ni mgonjwa gani anayebebwa kwa mwendo ule. Lakini bingwa wa mizani hakuongeza mwendo. Aliendesha polepole, akilaumiwa kilomita kwa kilomita, ili barabara isiishe.