Wakubwa Wale Dagaa, Wadogo Pumba

Jumatatu, tarehe 3
Huoni haya? Miezi minne hujakanyaga hapa! Uliniachia daftari, ukasema bibi andika mambo yako. Haya, naandika. Ukija utasoma mwenyewe, mjukuu wangu, na aibu ikushike.

Habari kubwa. Mwenye bucha anataka nyumba moja tu ya kumletea nguruwe mwaka mzima. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kukagua wangu na wa wifi yangu hapo ng'ambo ya ua. Baba yako kasema nikikosa, anabomoa banda, nihamie kwake nikae kwenye kochi kama mto. Mimi? Thubutu!

Jumanne, tarehe 4
Mpango tayari. Wakubwa sita, waliokaribia kuchinjwa: dagaa wa kusaga na soya, ndoo kwa ndoo. Wadogo wanane, ndiyo kwanza wanakua: pumba tupu. Ndivyo nilivyolea watoto saba. Mkubwa hupewa mnofu, mdogo mchuzi na adabu.

Alhamisi, tarehe 6
Kapita daktari wa mifugo. Binti mwenye shingo nyembamba kama mwiko. Kasema nimepindua mambo: protini hujenga mwili, basi wapewe wanaokua, sehemu kumi na saba hivi katika mia ya chakula. Wakubwa wamekwisha kujengeka, kumi na nne zawatosha, zinazozidi wanazikojoa. Nikamwambia nimezika nguruwe wengi kuliko vitabu alivyosoma. Akauliza walikufa na nini. Mdomo huo! Nikamfukuza. Nikamwita tena ale mayai mawili, maana protini mwenyewe hana.

Jumapili, tarehe 9
Wakubwa wanaharisha. Maji wanakunywa kama waliolamba chumvi. Mkojo unachoma macho, nimefagia huku nalia. Wifi kachungulia uani, kauliza msiba wa nani. Nikamjibu angoje Jumamosi, atalia yeye. Nikaongeza dagaa.

Jumatano, tarehe 12
Wadogo wamebaki vichwa na masikio. Mmoja kanitazama hadi nikampa dagaa kiganja kimoja, kisha nikamgombeza kwa tamaa. Baba yako kapiga simu kuuliza kama nimeanza kufunga vitu. Nimemkatia.

Jumamosi, tarehe 15
Mwenye bucha kafika. Harufu ikampokea getini, akageuka. Nikamvuta mkono hadi ndani. Wakubwa hawajaongeza hata kilo. Wadogo kauliza kama ni sungura. Akaenda kwa wifi, ambaye kumbe alimsikiliza yule binti neno kwa neno. Kachaguliwa yeye! Kaja kunipa habari mwenyewe, anacheka mpaka kashika nguzo. Nimemkumbatia, ni damu ya marehemu babu yako. Kisha nikamwambia nguruwe wake wana macho ya wezi.

Jumapili, tarehe 16
Baba yako yuko nje na nyundo. Mimi nimejifungia bandani na nguruwe wote kumi na wanne. Anapaza sauti, eti mama toka, umeshindwa. Nani kashindwa? Nimekaa hapa nimewaza vizuri, na kosa nimeliona: dagaa walikuwa kidogo.

Ukija, pitia nyuma ya banda. Beba magunia mawili ya dagaa, si moja. Baba yako mpokonye nyundo kwanza, ndipo umsalimie.