Jinsi Nitakavyohamia Kozi ya Trekta

Jumatatu, 14 Oktoba 1996

Nimeamua. Nahama kozi. Mtu hawezi kuwa na akili kama zangu halafu akamalizia ujana wake nyuma ya ng'ombe. Tangu nifike chuoni ni kupe, minyoo na kwato. Na kule upande wa pili, wenzetu wa zana za kilimo wanaendesha trekta! Nataka niingie mtaani kwetu Lipangalala juu ya trekta, mchana kweupe, binamu zangu wote wakiwa nje. Wale wanaosema nanuka zizi watakimbilia pembeni kunipisha.

Nilikwenda kwa Mwalimu Kandida, mkuu wa taaluma. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, kwa usalama. Akaeleza utaratibu. Serikali inanilipia ada, chakula na bweni kwa kozi ya mifugo niliyochaguliwa. Nikihama kwa kupenda tu, nitajilipia mwenyewe. Itaendelea kunilipia kama zahanati itathibitisha kwamba mifugo inanidhuru afya, au kama yeye mwenyewe atajionea kwenye vitendo kwamba siwezi kabisa. Nafasi kwenye trekta ni moja. Mwisho Ijumaa.

Kujilipia! Baba alishasema: siku serikali ikiacha kunilipia, jembe langu lipo shambani Katindiuka, nikalime mpunga na kufukuza ndege mpaka nizeeke. Baba hana utani na jembe.

Jioni nikasikia Egidius naye anaitaka nafasi hiyohiyo. Huyu analala kitanda cha juu yangu. Baba yake ni fundi kwenye mashamba ya miwa, basi kutwa ni gia na plagi. Anasema vumbi la zizi linambana kifua. Ana pumu ya kweli. Watu wengine wana bahati jamani!

Jumanne, 15 Oktoba

Mpango wa afya. Asubuhi nilikwenda nyuma ya josho, nikachuma upupu. Nikajipaka mikononi, kuanzia viganja hadi viwiko. Halafu nikaenda zahanati kusema ng'ombe wameniwasha.

Sikusema. Nilifika nikiruka. Nesi alinitazama mara moja tu, akauliza upupu nimeuchuma wapi. Mama huyu amezaliwa Katindiuka! Wagonjwa wote kwenye benchi walicheka, hata mmoja aliyekuwa na malaria kali. Nesi akanipaka majivu, akaniambia niende zangu.

Egidius alitoka mlango wa pili, amethibitishwa. Akanipa pole. Sikuipokea.

Jumatano, 16 Oktoba

Sikati tamaa. Imebaki njia ya pili: kushindwa vitendo. Kesho tunakwenda bomani kwa Mzee Mashimba, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, na Mwalimu Kandida atakuwepo. Jioni nikatangulia kwa mzee. Nikamwomba amwambie mwalimu kwamba nikikaribia zizi, ng'ombe wanakataa kutoa maziwa.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza yeye anapata nini. Nikamwambia akalishe mabua kwenye shamba la baba. Mpunga ulishavunwa, mabua yamelala bure. Akakubali papo hapo.

Baba sijamwambia. Hatajua. Yuko Mlabani kwa shangazi, msibani, hadi wiki ijayo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilianza vizuri mno. Nikashika sindano kinyume. Nikaanguka kwenye tope bila kusukumwa. Ndama mdogo aliponinusa, nikapiga yowe na kupanda juu ya uzio. Mwalimu Kandida akatikisa kichwa. Trekta niliiona hii hapa!

Ndipo mtamba mmoja akaanza kuzaa, uzao wake wa kwanza. Ukwato mmoja ulitokea, wa pili hakuna. Mguu ulikuwa umekunjika ndani. Mtamba analia, Mzee Mashimba analia, wenzangu wamesimama kama nguzo. Egidius anakohoa. Nilijiambia, Nazari, kaa juu ya uzio. Nikakaa. Mtamba akanitazama. Sasa mtu afanyeje?

Nikavua shati, nikaomba sabuni, nikaingiza mkono mpaka begani. Nikamsukuma ndama nyuma, nikauzungusha mguu, ukanyooka. Tukavuta. Akatoka! Hapumui. Nikamfuta pua, nikamsugua kwa majani, akapiga chafya usoni kwangu. Nilifurahi hadi machozi. Naandika haya kwa aibu.

Mzee Mashimba akanishika kichwa kwa mikono miwili. Akamwambia mwalimu kwamba kwa mambo mengine angeweza kusema uongo, lakini si kwa ng'ombe. Kisha akamweleza mpango wetu wote, na mabua yakiwemo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Baba amekuja chuoni. Kumbe msiba uliisha mapema. Kumbe pia katikati ya mabua alikuwa amepanda kunde. Kunde hazipo tena.

Alinitafuta bweni kwa bweni, fimbo mkononi. Nilijificha kwenye tangi la josho, bahati nzuri lilikuwa kavu. Aliyeniokoa ni Mzee Mashimba, aliyekuja kuomba radhi. Kufidia kunde, amempa baba yule ndama niliyemzalisha, amchukue akishaacha kunyonya. Ni jike. Wamempa jina Nazari.

Fimbo ikashuka. Baba hajawahi kumiliki ng'ombe. Akamwomba Mwalimu Kandida asinihamishe kabisa, maana sasa nyumba yetu ina mifugo na inahitaji mtaalamu.

Mwalimu alisema hana sababu ya kunihamisha, hajapata kuona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifanya vile. Serikali itaendelea kunilipia, mifugo. Lakini akaniangalia machoni: ujanja mmoja zaidi, hata mdogo, atapendekeza ufadhili ufutwe, na jembe la Katindiuka nitalikuta palepale.

Trekta kapata Egidius.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimelala siku mbili nikiwaza, na nimegundua kosa langu. Kosa lilikuwa mikono!

Sikilizeni. Januari nafasi nyingine inafunguliwa kwenye trekta, kuna kijana anaacha chuo. Zahanati ilinikamata kwa sababu mikononi kila mtu anaweza kujipaka. Lakini mgongoni? Nani anaweza kujipaka upupu katikati ya mgongo wake mwenyewe? Hakuna! Hata yule nesi itabidi akubali ni ng'ombe. Na kabla ya kuutumia Januari, lazima mpango ujaribiwe. Nitaujaribu kesho.

Tatizo lilikuwa nani wa kunipaka. Nikamwomba Egidius. Amekubali kabla sijamaliza kueleza. Hata kuchuma atachuma yeye, anasema gunia zima, asije akapungukiwa. Tena atamwalika Mwalimu Kandida aje kushuhudia.

Kijana mwema. Nilimdhania vibaya.